Mkebe Ulio Juu ya Mafiga

Makongolosi,
kwa njia ya Chunya,
24 Juni, 1956.

Mpendwa Dada Verediana,

Kabla sijakusalimu: kama Evarista anakusomea barua hii jikoni, tokeni wote nje kwanza. Mama naye mtoeni, hata akilalamikia baridi. Kaeni uani, ndipo mwanao aendelee kusoma.

Sasa nakusalimu, dada yangu. Hujambo? Miguu ya Mama inaendeleaje na baridi hii ya Juni? Evarista anasoma vizuri pale misheni? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na kifua kwa ajili ya vumbi la mgodini. Dhahabu inapungua na watu wanapunguzwa. Tuliobaki tunafanya kazi yetu na ya walioondoka.

Jambo lenyewe ni ule mkebe wa vipande vya sinema niliokuletea Krismasi. Nilikuambia uuweke darini juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi, ili moshi uulinde na wadudu. Nilikuambia vibaya. Mkebe ule unaweza kulipuka.

Najua utasema Crispin amechanganyikiwa kwa uchovu. Nisikilize basi.

Klabu ya Wazungu ilipofungwa hapa, mikanda yao ya zamani ya sinema ilitupwa kwenye shimo la taka. Tukaiokota, kila mtu vipande vyake. Tangu hapo kila Jumapili baada ya sala tunakutana kwa Asukile, seremala wa Kinyakyusa. Tunaziba madirisha, mmoja anakaa nje na kioo kuingiza jua kwenye tundu la mlango, na lenzi ya tochi mbovu inakuza picha kwenye shuka. Mimi nilikuwa na mbwa anayekimbia. Filemoni, Msafwa ninayefanya naye kazi, alikuwa na mwanamke anayemwita yule mbwa. Saulo, dereva wa lori la mchele wa Ubaruku, ana mlango wanaoingilia. Ukiwa peke yako una kipande tu. Mkikutana, ndipo mnaona mambo yalivyokuwa.

Uliniuliza mkutano huo una faida gani kwa watu wazima. Dada, kambini kila kabila linapika lake na kuzika wa kwake. Lakini nilipolala na homa mwezi wa Machi, aliyeninywesha uji alikuwa Filemoni, na Asukile ndiye aliyekwenda kuniombea kazi isipotee. Hatukujuana kwa njia nyingine ila ile mikebe. Na kwa watani wangu sipumui. Asukile huniuliza, “Kalinga, yule mbwa wetu yuko wapi?” Nikisema nimempeleka Iringa, Saulo anadakia, “Masikini! Wahehe wameshampika!”

Jumanne iliyopita mkebe wa Filemoni ulilipuka. Ulikuwa kwenye ubao juu ya jiko la makaa, umefungwa vizuri kama wetu. Yudith mkewe alikuwa nje anachekecha unga, akasikia mshindo kama gurudumu la lori linapasuka. Tulikimbilia tukamwaga maji, na ile mikanda iliendelea kuwaka ndani ya maji. Sijapata kuona moto wa namna ile. Moshi wake ni wa kahawia kama chai.

Filemoni aliingia kuokoa nguo za mkewe. Alitoka anatembea, anacheka. Asukile akamwambia, “Msafwa, nyusi umemwachia nani?” Akajibu, “Zimebaki zinatazama sinema.” Tulicheka sana. Usiku kifua kikamjaa, na asubuhi alikuwa hawezi kumaliza neno moja. Alikufa Alhamisi. Mganga wa zahanati alisema si moto uliomuua, ni ule moshi.

Leo tumekutana. Asukile aliagiza kila mtu alete mkebe wake, tukaifukia yote katika shimo la zamani la mgodi, mbali na watu. Ilipofika zamu yangu akauliza, “Kalinga, wako?”

“Uko nyumbani.”

“Nyumbani sehemu gani?”

“Darini. Juu ya mafiga.”

Hakuna aliyenitania. Asukile alinivutia kiti akasema, “Kaa uandike sasa hivi.”

Nilikwenda kwanza kwa nyapara kuomba ruhusa nije mwenyewe. Akauliza, “Umefiwa na nani?” Nikasema, “Bado.” Akasema basi nirudi nikishafiwa. Saulo amesema hatasubiri mzigo. Anaondoka kesho alfajiri, na atakabidhi barua hii mkononi mwako.

Kinachoninyima usingizi ni barua yako ya Pasaka. Uliandika kwamba mkebe unatoa harufu kali, kifuniko kimeota vumbi la kahawia, na tangu hapo fukusi wamehama mbegu zote. Ulinishukuru. Mkebe wa Filemoni ulikuwa hivyo hivyo.

Mmoja aingie upesi azime moto, atoke. Msirudi ndani mpaka mafiga yawe baridi kabisa. Kisha aingie mtu mzima mmoja tu, aushushe mkebe polepole, asiufungue, asiutikise, aufukie mbali na nyumba. Kama chuma chake kina joto, auache hapo hapo atoke. Mbegu ziacheni, hata zote. Evarista asiombe kuangalia yule mbwa hata mara moja. Na moshi wa kahawia ukionekana, asiingie mtu kuokoa kitu chochote, hata nguo.

Mpe Saulo jibu kwa mdomo tu, asikae kula. Sisi hapa tutakutana Jumapili ijayo kama kawaida. Mikebe hatuna tena, lakini Yudith atakuwepo, na wote wamesema watakuja kusikia habari za kwenu.

Nisalimie Mama, anayelala kando ya moto. Nisalimie Evarista, anayelala miguuni pake. Nawe, dada, unayeamka wa kwanza kupuliza makaa.

Mungu afike huko kabla ya barua hii.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Crispin Kalinga