Eda ya Kuigiza

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimemaliza ile ya Kikorea! Sehemu kumi na sita kwa siku tatu. Cherehani imelala, magauni ya sare ya watu wa harusi bado hayana mikono. Potelea mbali. Yule muuaji — jamani, yule muuaji! Anakula tambi zake taratibu, anapangusa mdomo, anamuuliza mama wa watu kama naye amekula. Basi. Hana kelele, hana kucheka "ha-ha-ha" kama maadui wetu wa Bongo. Niliogopa mpaka nikaenda kukagua komeo, saa nane mchana!

Kisha nikaweka ya kwetu, nijiudhi tu. Marehemu anapumua. Tumbo linapanda, linashuka, na shuka linaenda nalo. Mkewe kajifunika uso, mabega yanatikisika. Akiondoa mikono — poda kavu, wanja haujasogea. Anayelia kweli hajifuniki, mikono yenyewe huisahau. Alama mbili kati ya kumi. Moja ya nyumba, ilikuwa nzuri.

Dija, shoga yangu wa duka la vitenge hapo jirani, anasema nimezidi, filamu ni kujiburudisha tu. Nikamuuliza, na chumvi kwenye mchuzi ni kujiburudisha tu? Kanuna.

Jumamosi, 9 Agosti

Najim karudi. Mume wangu ni fundi wa malori kule Msata, nyumbani namwona wikiendi. Tumekwenda kwa Maulidi, kwenye kibanda cha video, kuangalia ya Kihindi iliyotafsiriwa. Mama kapotelewa na mwanawe sokoni. Yule mwigizaji, kumi juu ya kumi! Tatizo ni DJ wa kutafsiri, hanyamazi. Mama analia, DJ huyo: "Mama hapo anaumia sana, roho inamuuma." Tunaona, baba! Tunaona!

Nikageuka, Najim naye analia. Mtu anayebeba giaboksi peke yake, machozi mpaka kwenye ndevu. Nimemcheka njia nzima. Anasema haoni aibu, mama ni mama. Yeye na mama yake hao! Akiwa Msata lazima ampigie kila jioni, na wala hana la kusema. "Umekula? Nami nimekula. Haya." Anakata.

Jumatatu, 11 Agosti

MUNGU WANGU.

Kaingia dukani mwanamume mwenye kaptura ya mifuko mingi, anataka kanzu nane kwa siku tano. Anaitwa Herman, mwongozaji wa tamthilia kutoka Dar, wanakuja kurekodi hapa Bagamoyo. Nikamuuliza ameshafanya ipi. Akaitaja. Mdomo wangu huu! Nikamwambia niliiona, na wanawake wake hawajui kulia.

Akaweka simu chini. Akasema, basi lia wewe.

Palepale, futi ya kupimia iko shingoni. Nilikuwa nakunja kitambaa, nikaendelea kukikunja. Nikakikunja vibaya, nikakikunjua, nikaanza upya. Machozi yakaja yenyewe. Mteja aliyefuata suruali yake akasimama mlangoni: "Nani kafa?"

Herman akacheka, halafu akaacha kucheka. Aliyekuwa acheze mjane kapata kazi kwingine. Nafasi ni yangu, kwa majaribio! Nikiiweza siku ya msiba, mjane anaendelea mpaka mwisho, sehemu kumi na tatu. Nikiharibu, mjane anahamia Tanga kwa kaka yake na haonekani tena. Ndivyo alivyosema, na wala hakutabasamu.

Mimi! Kwenye skrini kwa Maulidi! Nimekata kanzu ya kwanza mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nimelazimika kununua kitambaa kingine.

Alhamisi, 14 Agosti

Dija hajafurahi. Mwanamke ana mume hai, anakaaje eda? Uchuro huo, unamchuria Najim wa watu. Nikamwambia ni mchezo. Akasema uchuro haujui mchezo.

Najim kapiga simu kuuliza nacheza nani. Nikasema muuza vitumbua. Imetoka tu! Kafurahi, anasema nitafaa, kelele ninazo. Nitamwambia ukweli ikishakwisha. Akiona ilivyo nzuri atanisamehe, namjua.

Mazoezi mbele ya kioo. Kaka wa marehemu anaingia, mimi namwambia: "Ni amri ya Mungu. Tuvumilie." Hayo tu! Nimeyasema kama mara mia. Kwa kupaza sauti ni uongo. Kwa kunong'ona ni maringo. Kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chai iko tayari — hapo ndipo mwili unasisimka. Nimejiogopa mwenyewe!

Jumapili, 17 Agosti

Balaa. Mwenye nyumba tuliyokuwa turekodie kakataa. Kasikia kuna jeneza. Anasema jeneza haliingii kwake tupu, likiingia tupu litatafuta mtu. Herman, mtu wa bara, alidhani anataka kuongezewa hela. Wapi! Kaongezewa na bado kakataa.

Nikamwambia nyumba ipo. Ya mama mkwe wangu, Bi Mwanamvua, yenye baraza ndefu na chumba kikubwa cha mbele. Nikamwendea na shikamoo ya adabu zote. Akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nyumba ni mawe na udongo, itafanywa nini?" akasema. "Mwenye kuogopa uchuro ni mtu. Mimi sikai na jeneza lenu."

Asubuhi ya jeneza atakwenda Fukayosi shambani kwa dada yake, atarudi likishatoka. Najim je, aliyebaki Msata wikiendi hii kwa kazi? Tusimwambie, kasema, moyo wake mwepesi, atakuja kukuharibia kazi. Mama mkwe gani wa namna hii! Nampenda! Keshokutwa, keshokutwa, keshokutwa!

Jumanne, 19 Agosti, saa tano asubuhi

Naandika haraka, wanapanga taa. Simu zetu zote zimezimwa, zimewekwa kwenye ndoo. Turubai lipo, majamvi yapo, jeneza na kitambaa chake cha kijani. Wanawake wa kukodi ishirini kwenye mikeka, kanga vichwani.

Na watu wa kweli wanakuja! Herman ana kibali cha serikali ya mtaa, barua kaibandika ukutani, lakini nani asome barua akishaona turubai? Mzee Shuaibu wa mtaa wa pili kaja na jembe begani, anauliza kaburi linachimbwa wapi. Mama mmoja kaleta sufuria ya wali. Herman anadhani ndio wale aliowakodi, anawasifu! Nikamwambia, kaka, hawa wamekuja kuhani, wanajua kuna msiba kweli. Karuka kama kakanyaga kaa la moto, akaanza kuwaeleza. Wengine wamecheka, wengine wamenuna. Mzee Shuaibu kakaa jamvini, anasema ameshafika, anasubiri chai. Ila waliokwisha ondoka wameondoka na habari yao.

Naitwa! Bismillahi.

Jumanne hiyohiyo, saa kumi alasiri

Niandike kwa mpangilio.

Ilikuwa zamu yangu. Kamera imewashwa. Mimi kwenye mkeka, natazama mlango, nangoja mwigizaji wa kaka wa marehemu aingie. Akaingia Najim.

Ovaroli ya gereji, grisi mikononi, mguu mmoja hauna kandambili. Dereva wa lori aliyetokea huku alimwambia kule Msata, poleni, kwenu kuna tanga. Kampigia mama yake, hapatikani — shambani Fukayosi mtandao hakuna. Kanipigia mimi, imezimwa. Kapanda pikipiki, kilomita sitini na zaidi. Hayo nimeyajua baadaye. Pale nilimwona tu akilitazama jeneza.

Alilia. Kilio kile sina alama za kukipa. Hakupiga kelele. Alisema "Mama," kama anamwita mtu aliye chumba cha pili, akangoja aitikiwe. Akaita tena. Akapiga magoti. Mikono wazi, kaisahau. Wanawake wa kukodi wakaanza kulia kweli, hata wale waliokuwa wakitafuna bigijii.

Nilingoja Herman aseme kata. Hakusema.

Najim akanijia kwa magoti. Nikamkumbatia. Nikasema, kwa ile sauti ya chai iko tayari: "Ni amri ya Mungu. Tuvumilie."

Mungu nisamehe. Alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa binadamu. Ni Mzee Shuaibu aliyeinuka jamvini akapiga ukelele: "Mwambieni mtoto wa watu, mamaye mzima!"

Bi Mwanamvua tumempata saa nane, kwa simu ya muuza duka wa Fukayosi. Aliposikia alicheka, kisha akaomba apewe mwanawe. Najim akashika simu kwa mikono miwili.

"Umekula?" akauliza. "Nami nimekula. Haya."

Hajala kitu tangu asubuhi.

Sasa yuko barazani. Herman kanivuta pembeni, macho yamemwiva. Miaka kumi na miwili ya kazi hii hajapata kitu kama kile. Atamfanya Najim ndiye kaka wa marehemu, anayemlilia mama yao, na mjane ni wangu, sehemu zote kumi na tatu! Inatakiwa sahihi ya Najim tu kwenye fomu. Bila sahihi haionyeshi, na msiba hawezi kuurudia, watu wameshatawanyika na jeneza linarudishwa jioni. Mjane ndiyo Tanga tena.

Kanionyesha kwenye kile kiskrini chake. Ni nzuri. Ni nzuri kuliko ya Kikorea, kuliko ya Kihindi, kuliko chochote nilichowahi kukiona. Moyo ulinidunda kwa furaha, furaha kabisa, na mume wangu yuko nje kakaa na kandambili moja.

Nimemwendea, fomu nimeificha nyuma. Nilitegemea anigombeze kwa uongo wa vitumbua. Wala. Kaniuliza kitu kimoja tu, polepole, hanitazami.

"Nilipokushika pale, Jasmin, ulikuwa umenijua?"

Nikasema ngoja nikuletee maji.

Nipo jikoni. Maji nimeshachota. Fomu iko chini ya daftari hili. Naweza kusema nilipigwa na bumbuazi, ulimi ukasema wenyewe, na ataniamini, kwa sababu yeye ni mtu wa kuamini. Atasaini. Lakini humu hasomi mtu. Nilimjua toka kizingitini. Nilimjua kabla hajaita mama. Na nilipomkumbatia nilimgeuza kidogo, taratibu, ili uso wake uelekee kamera.

Ananiita. Anauliza kama hayo maji nimeyafuata mto Ruvu —