Yule Mtu Hakusema Vile

Ambakisye, ndugu yangu,

Ugonile? Mkono umeandika kabla sijafikiri. Kumuuliza marehemu kama amelala, ni mimi tu ninayeweza. Lakini kwetu asubuhi haina salamu nyingine, nawe ungecheka kabla yangu, kwa hiyo naiacha hapohapo.

Habari kubwa ni somo lako la filamu. Nalo lilitaka kukufuata. Tangu tukuzike Busale nalifundisha mimi, kila Ijumaa, na ile deki uliyoileta kutoka kwa shemeji yako Malawi bado inafanya kazi ukiipiga ubavuni. Ila wazazi walilalamika. Vibanda vya video vimejaa mjini, watoto wanatoroka vipindi, halafu na shule nayo inawasha televisheni. Mkuu akaitisha kikao, akaniambia nieleze faida yake, la sivyo somo lifungwe.

Niliandaa maneno makubwa. Nilipoinuka yakanikimbia yote. Nikajikuta nawasimulia siku ya kwanza.

Unaikumbuka. Mkanda ulikuwa wa Kiingereza, ukaniambia nitafsiri, si mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza. Ndugu yangu, sikusikia neno. Wale watu wanaongelea puani. Nikaona aibu mbele ya Kidato cha Pili, nikatunga: yule mrefu ng'ombe wake wa mahari wamekataliwa ukweni. Darasa zima likamhurumia. Ukarudisha mkanda nyuma, ukazima sauti, ukamwita mwanafunzi, Atupele, atafsiri upya, atakavyo. Kwake yule mrefu akawa mwizi aliyekuja kuchungulia nyumba. Darasa likamchukia. Ndipo ukauliza, polepole kama kawaida yako, "Picha ni ileile. Nani amewageuza?"

Mimi hukunitaja. Tuliporudi tukikokota baiskeli ulisema tu, "Kiingereza chako kina ng'ombe wengi, Mwalimu." Nikacheka. Sikukiri. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukiri, miaka yote hiyo, ukaniwahi.

Basi nikakiri kikaoni. Niliwaambia watu walionikabidhi watoto wao kwamba yule mtu hakusema vile, nilitunga, na kwamba somo hili ni la kumfundisha mtoto kumkamata mtu kama mimi, awe redioni, gazetini, kwenye televisheni, au hapo ubaoni. Mkuu akaangalia viatu vyake. Kisha akainuka mama mmoja wa Katumba Songwe, anayevusha mchele mtoni kwenda ng'ambo, Malawi.

"Binti yangu juzi kasikia tangazo la sabuni redioni, akaniuliza, huyu anayeisifia anataka nini kwetu? Nikamwona mjeuri. Kumbe ni nyinyi." Akanitazama sana. "Mwacheni aendelee. Ila Kiingereza watoto watafutiwe mwalimu mwingine."

Walicheka mpaka wa nje wakaja kuchungulia dirishani. Somo limebaki. Na Kiingereza nacho wameniachia, kwa kukosa mtu.

Ndaga fijo, asante sana, Ambakisye. Ulinisitiri mpaka nilipoweza kuibeba aibu yangu mwenyewe. Ningependa ungekuwapo... basi. Nakuahidi jambo moja: kila nisiposikia, nitasimamisha mkanda na kuwaambia watoto sijasikia, tusikilize tena pamoja.

Ijumaa nimeusimamisha mara nne. Hatukufika hata nusu.

Kwaheri, mwalimu wangu.