Cherehani ya baba, Oktoba ile

Fadhila, uko wapi? Ya leo siyaamini.

Hadithi ya baba unaijua. Oktoba 1993, asubuhi walipomuua rais, redio kimya, askari barabarani, naye yuko hapa mtaani kwetu Buyenzi kwenye cherehani yake, anamfungulia mlango kila jirani anayekimbia. Kila mwaka tarehe hii anaisimulia, na sisi tunaitikia.

Leo kaisimulia mbele ya wageni. Mama Concilie, jirani yetu wa zamani, akaweka kikombe chini. Akasema polepole, "Apana, mzee Taju. Mi nilikuja kwako na mutoto mugongoni. Nilisikia cherehani inalia ndani. Nikapiga hodi, ikanyamaza."

Ikanyamaza, Fadhila.

Baba akacheka kidogo, akasema pengine alikosea nyumba.

"Kila Noeli nilikuletea vitambaa ushone. Nyumba yako naijua. Nilipoondoka, nikasikia inalia tena."

Yaani alikuwa amekaa pale pale, mguu kwenye pedali, anangoja mtu aondoke.

Baba hata hakuuliza yule mtoto aliishia wapi, na hilo ndilo linanichoma. Mimi pia sikuuliza. Nilikuwa nakusanya vikombe, Fadhila, vingine bado vina chai.

Wageni wameshaondoka. Baba kajifungia chumbani, anashona. Anashona nini siku kama hii, sijui. Sasa hivi nimempelekea chakula, nikapiga hodi.

Cherehani imenyamaza.