Msalaba wa Lerionka Bado Hauna Jina

Engutoto, Arusha
14 Julai 1997

Kwa Dada Nalepo,

Shikamoo dada. Watoto hawajambo huko Tabora, na ule mguu wako unaendeleaje? Huku baridi imetukamata, mlima hatujauona wiki ya pili sasa, ila mwili ni mzima. Barua yako nimeipata. Pole sana, na pole tena kwa kukosa kumzika mdogo wako Lerionka.

Tulimzika Olmotonyi, juu ya shamba la mama yenu, kwenye tope. Watu walijaa, wakati yeye alikuwa akinitania kwamba atazikwa na mimi na mchungaji tu. Kifua ndicho kilichommaliza, pamoja na gongo, nisikufiche. Tangu aachishwe kazi alikuwa akichora mabango ya baa, na wenye baa walimlipa pombe.

Baada ya mazishi mama alifungua sanduku lake la bati, akatoa madaftari yake ya michoro. Dada, tulicheka msibani. Mchungaji alijikuta na shingo ya mbuni, balozi wetu wa nyumba kumi tumbo limemtangulia mlangoni. Mama alicheka mpaka akalia. Ndipo akaniomba mimi, rafiki wa mwanawe, niandike jina lake msalabani.

Sasa nije kwenye ombi lako. Umeniagiza nikutafutie mtu aliyemtaja ndugu yako kiwandani. Mwaka juzi, mwekezaji alipokichukua kiwanda, yalibandikwa majina ya watakaopunguzwa. Asubuhi moja tukakuta picha pembeni ya orodha: meneja kakaa kwenye kigoda anakamua, na ng'ombe ni sisi, kila mmoja na sura yake. Mkono ule nani asiyeujua? Ofisi ikauliza, watu mia mbili wakasema hawajui. Siku ya tatu Lerionka akafukuzwa. Lawama zikamwangukia mlinzi wa zamu ya usiku ule, mzee Sankale, na mpaka leo wapo wasiompa mkono.

Hakuwa Sankale. Ni mimi, dada. Jina langu lilikuwa kwenye ile orodha, na mke wangu Agnela alikuwa na mimba ya tatu. Niliingia kwa ofisa utumishi, akanisukumia karatasi, nikaandika jina moja. Jioni langu likafutwa. Nililala usingizi mzuri, hilo nalo ulijue.

Nilidhani Lerionka hakujua. Alikula kwangu kila Jumapili, akawachorea wanangu twiga. Lakini kwenye daftari lake la mwisho nilijikuta nimesimama mlangoni mwa ofisi ile, kofia mkononi. Watu wote aliwachora kwa utani. Mimi hakunikuza hata pua. Nilichana ukurasa ule kabla mama hajaufikia. Nimekuwekea humu ndani ya bahasha.

Msalaba uko kwangu, umeegemea ukuta, na rangi ipo. Kila nikipanda kwa mama ananiuliza, namwambia ubao haujakauka. Aibu imenishika, dada. Jina lake nimeshaliandika mara moja, na sithubutu kuliandika tena wewe ukiwa hujui. Niambie niandike, au nikampigie magoti mzee Sankale, nimwachie yeye brashi.

Wasalimie watoto. Agnela anakusalimu sana, hajui ninachokuandikia.

Ni mimi,
Manase