Chapa Chini ya Mtutu

Kimara,
4 Februari 2024

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti limepoa? Sie huku wazima, wajukuu wako wanakusalimu, joto tu ndo linatutesa. Ningekupigia, ila simu na masikio yako havipatani. Miaka arobaini ya kujaribu bunduki za watu si mchezo. Dereva wa basi la Kibiti atakuletea barua hii.

Nina swali la ufundi wako. Bosi wangu Mzee Taqi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Temeke, anataka kununua shotigani ya kale ya mitutu miwili. Babu yake alikuwaga nayo ya namna hiyo, ikapotea. Muuzaji anaitwa Kondo, mtu mzima, mpole, na kibali cha kumiliki anacho. Anasema imetengenezwa mwaka 1890, "imemwona Mjerumani akija na ikamwona akiondoka." Mitutu ina mistari iliyosukana kama ukili wa mkeka. Kondo anasema ni chuma cha kusokota, hakitengenezwi tena, ndo maana anataka milioni tisa.

Bosi akaniambia mbele ya wenzangu wote, "Naima, babako fundi. Muulize. Akisema ndiyo, nanunua." Baba, kichwa kilivimba.

Kondo aliitoa mitutu, nikaweka karatasi juu ya chapa za chini na kusugua penseli, kama ulivyonifundisha utotoni. Karatasi hiyo hapo. Naona taji, BNP, na maneno "3 TONS." Maana yake nini?

Binti yako,
Naima


Kibiti,
11 Februari 2024

Mwanangu Naima,

Waalaykum salaam, na marahaba. Goti linakwenda na hali ya hewa, mvua ikija nalijua kabla ya redio. Wajukuu nimewapokelea salamu zao.

Karatasi nimeisoma, umesugua vizuri. Hiyo ni bunduki ya Mwingereza, ya zamani kweli. Taji na BNP ni chapa ya nyumba wanakojaribia mitutu. Hayo maneno "3 TONS" yasikusumbue. Tons ni mkato wa jina la fundi mmoja wa Uingereza, na tatu maana yake ni wa tatu katika ukoo wao. Chuma cha kusokota ndicho hicho ulichokieleza, mistari kama ukili. Bei si mbaya. Mwambie Mzee Taqi asichelewe, watu wa vitu vya kale wapo wengi mjini.

Huyo Kondo simfahamu, lakini kwa bunduki hiyo hakudanganya.

Baba yako,
Jabiri


Kimara,
2 Aprili 2024

Baba,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumaini funga inakwenda salama, nasi tumo katika kumi la mwisho.

Mzee Taqi aliinunua siku ileile niliyomsomea barua yako. Juzi akampelekea fundi mmoja aitwaye Erasmus aisafishe, nami nikafuatana nao. Erasmus akageuza mitutu, akasoma, akauliza nani katuambia ni ya 1890. Nikasema baba yangu, na baba yangu hakosei. Nilisema kwa kiburi, baba.

Akatueleza taratibu. Tani tatu ni kipimo cha nguvu ya baruti ambayo mtutu umepimwa kuhimili. Chapa hiyo ilianza kupigwa mwaka 1954. Bunduki ya zamani inaweza kupimwa upya, lakini hapo ingebaki na chapa zake za awali, na hii haina hata moja. Kisha akasugua sehemu ndogo kwa msasa laini, mistari ikafutika. Akapaka tindikali. Ingekuwa chuma cha kusokota, alisema, mistari ingerudi. Haikurudi. Ilichorwa juu tu.

Mzee Taqi hakufoka. Aliniambia, "Bunduki mie sizijui. Neno lako ndilo nililokuwa nalijua." Kesho yake ufunguo wa duka akampa Felicitas, ambaye hana hata mwaka pale. Mie nilikuwa nao kwa miaka kumi na moja.

Nikamtafuta Kondo hadi kwake Kiwalani. Nilikwenda kumwita tapeli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akasema: "Mwanangu, ile mistari aliichora babako, mwaka themanini na saba, mie nikimshikia taa. Bunduki ni yetu sote wawili. Hata dukani kwenu yeye ndiye aliyenielekeza. Alisema, mpelekee Mzee Taqi, atamuuliza binti yangu, na binti yangu ataniuliza mie."

Baba, kama ni uongo niandikie mstari mmoja tu. Nitakuamini.

Binti yako,
Naima


Kimara,
28 Aprili 2024

Baba,

Salaam. Sikukuu imepita, na dereva ananiambia barua alikukabidhi mkononi. Bado nasubiri ule mstari mmoja.

Naima


Kibiti,
19 Mei 2024

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Hali yangu si ya kuulizwa.

Kondo alisema kweli. Ile mistari niliichora kwa wiki tatu, na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, Mungu anisamehe. Desemba Kondo alipokuja tuiuze, paa la nyumba hii lilikuwa limeoza. Nilijiambia Mzee Taqi ataitundika ukutani aitazame, hatadhurika. Wewe sikukufikiria. Hapana, hilo nalo ni uongo. Nilikufikiria, nikaona utaniamini, nikapumua.

Jumatano nilikuja Dar. Nilimkabidhi Mzee Taqi fungu langu lote. Nimeuza shamba la korosho. Alinikaribisha chai, akaniuliza kama ulijua. Nikasema hukujua. Akasema, "Ungelisema Machi, angekuwa bado hapa." Ndipo nikajua umeacha kazi.

Wenzako wa dukani wakanielekeza sokoni Mabibo. Nilikukuta umeinama juu ya tenga, unachambua nyanya zilizopasuka. Nilisimama hatua kumi nyuma yako kwa muda. Nikarudi stendi.

Nisamehe.

Baba yako,
Jabiri


Mabibo,
1 Juni 2024

Baba,

Waalaykum salaam, na shikamoo.

Barua imefika. Mzee Taqi alinipigia Alhamisi ile, kesho yake ulipokwenda kwake, akaniomba nirudi dukani. Nimemshukuru, nimekataa. Kila mteja akija kuniuliza kitu, ningeona wenzangu wanangoja kusikia kama jibu langu ni kweli.

Sikufukuzi maishani mwangu. Dawa ya goti nimempa dereva, meza baada ya chakula. Ukizidiwa nitakuja, nitakuuguza, nitakuogesha, wewe ni baba yangu. Watoto wakifunga shule nitawaleta wakuone. Lakini mwanangu mkubwa jana kaniuliza ukoo wetu ulitokea wapi, nami yote ninayoyajua nilisimuliwa na wewe. Nikamwambia sijui.

Naima