Saa Kumi na Robo ya Baba Yangu

Baba,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, kwa sababu nikingoja sauti yako nitaanza kulia, na leo sikukaa hapa kulia. Nimekasirika. Tangu juzi jioni nimekasirika, na mtu ninayetaka kumwambia kwa nini ni wewe.

Ni ile redio yako, baba. Ile yenye saa, uliyonipa nikaifungie kabatini ukasema hutaki kuiona tena. Juzi tulisoma arubaini yako, watu wakala wakaondoka, nami nikaitoa niipanguse. Nilitaka kusikiliza habari kwa kitu chako, basi. Nikatia betri kubwa mpya, ile ndogo ya saa bado ni nzima, nikasikia muadhini mpya anaadhini magharibi pale msikitini kwetu, nikafunua kile kitambaa alichokushonea mama. Saa inaonyesha sita na nusu.

Nikasema labda macho yangu. Nikaipeleka dirishani. Sita na nusu! Redio ambayo tangu iingie nyumba hii adhana ya magharibi huikuta kwenye kumi na mbili na nusu, leo inaniambia sita. Nikakaa kitandani pako, kwa sababu papo hapo nilielewa kila kitu.

Unakumbuka siku tulipoitia saa? Mjomba Bakari alikuletea kutoka Arabuni, imo ndani ya boksi na kijitabu cha Kiingereza, nami nilikuwa darasa la saba najiona msomi wa Likoni nzima. Tulikaa kwenye mkeka, nikakusomea: shika kitufe cha saa, ukiwa umekishika bonyeza cha pili mpaka nambari zifike. Nikakwambia, baba, sasa jioni hii tutie sita na nusu, na hizi herufi mbili ndogo, PM, zionekane pembeni. Ukanitazama kama niliyekutukana. "Sita ya nani, mwanangu? Jua limezama. Mtu mzima wa Timbwani aamke aambiwe saa sita na jua limezama?"

Nilijaribu kukueleza saa za Kizungu. Ukaniambia saa ya ukutani ni rahisi, mkono ukiwa juu wewe wajua kusoma chini, lakini hii haina mikono, yaandika nambari wazi, basi iandike ukweli. Tukangoja. Mzee aliyekuwa muadhini kabla yako alipoanza tu "Allahu Akbar," ukaachia kidole kwenye kumi na mbili na nusu. Zile herufi mbili ukasema ni usiku. Zikitoka, jua limetua, zikiondoka, kumekucha. Na kengele ukaitega kumi na robo, pamoja na herufi zake. Alfajiri ile ikalia, saa kumi na robo kamili, nawe ukacheka mpaka mama akauliza kulikoni.

Miaka yote uliyoadhini msikiti ule, baba, hukuchelewa hata siku moja. Kengele italia, utanyoosha mkono, utafunua kitambaa, utamulika kwa tochi: kumi na robo. Utatawadha, utavaa kanzu, utakwenda. Betri ndogo ya saa ikifa ulikuwa ukingoja magharibi uianze upya, wala hukumruhusu mtu aiguse. Hata mimi niliyekusomea kijitabu.

Sasa nisikilize.

Athmani, mwanao, kifungua mimba wako, bwana mkubwa wa ofisi ya Nairobi, alikuja likizo Alhamisi ile. Unaikumbuka Alhamisi gani. Wewe ulikwenda kuswali alasiri, yeye akabaki chumbani kwako akitafuta habari za mpira. Akaona saa. Akaiona "imekosea." Akairekebisha! Hakukuuliza, hakuniuliza, hakumuuliza paka. Akatia saa za ofisini kwake, akafunika kitambaa, akaja kula viazi vyangu vya karai akashukuru.

Kengele hakuigusa. Wallahi hilo ndilo linalonichoma. Angeigusa na kengele pia tungejua. Aliiacha pale pale kwenye kumi na robo na herufi zake mbili, na kumi na robo yenye herufi mbili, kwa saa za Kizungu, ni saa nne na robo ya usiku.

Kwa hivyo redio ilikuamsha. Ulikuwa na homa, umekunywa dawa, umelala mara tu baada ya isha. Stima zilikuwa zimekatika mtaa mzima na mvua imewafungia watu ndani. Ukafunua kitambaa ukaona kile kile ulichokiona kila alfajiri. Utajuaje? Mtu yeyote angetoka. Ukatoka, baba yangu, na homa yako, ukawasha kipaza sauti cha betri ya gari, ukaadhini adhana ya alfajiri saa nne ya usiku. Ukafika pale panaposema sala ni bora kuliko usingizi, na watu hawajalala bado.

Mimi nilikuwa naosha sufuria. Nilisikia kicheko kimeanza nyumba ya jirani kabla hujamaliza.

Siku ya pili ulikwishapewa jina: Mzee Saa Nne. Watu wazima na ndevu zao, kwenye baraza ya msikiti, wakikuona wanaulizana, "Jamani, kumekucha?" Watu uliowaamsha kuswali tangu wakivaa kaptula! Kamati ikaja nyumbani na maneno laini. Mzee apumzike, mzee ametumikia, mzee umri nao. Na Athmani amekaa kati yao, anatikisa kichwa, anasema, "Kweli baba amechoka, hata akili zataka mapumziko." Yeye! Mkono wake bado una joto la vile vitufe.

Redio ulikwishanipa usiku ule ule uliporudi, betri zake kubwa umezitoa, hukuitazama tena. Ukaanza kuswali safu ya mwisho, karibu na viatu. Na jioni moja nikikukanda miguu, ukaniuliza polepole, kama unayeogopa jibu, "Mwanakombo, mwanangu, hivi akili zangu zimeondoka?"

Nami nikakujibu nini? "Ni uzee tu baba, si neno." Ndivyo nilivyokujibu. Nilidhani nakuliwaza. Mimi niliyekaa nawe kwenye mkeka ule, ninayejua kuliko mtu yeyote saa yako ilivyotegwa, sikufungua kabati hata mara moja nikaangalia. Miezi mitatu ulikaa na swali lile kifuani, ukaondoka nalo. Athmani nimemkasirikia, kamati nimeikasirikia, lakini kuna hasira nyingine, baba, hiyo sina pa kuipeleka.

Juzi hiyo hiyo nilimfuata Athmani uani, alikuwa hajarudi Nairobi. Nikamuuliza nani ameigusa saa ya baba. Akajibu kwa raha zake, "Ah, ile? Niliitengeneza mimi siku nyingi. Ilikuwa imepotea masaa sita, mzee hata hana habari." Nikamuuliza siku gani. Akafikiri. Nikamwona anavyofikiri, nikaona uso unavyombadilika, na sikumwonea huruma.

Akaanza kuniomba. "Mwanakombo, baba ameshazikwa, itamsaidia nini sasa?" Ebo! Jina la mtu huzikwa naye? Ndugu zangu wengine nao wakaniambia nistiri, nisimwaibishe kaka mbele ya watu. Na baba je? Yeye aliaibishwa kwa kipaza sauti, Timbwani nzima ikasikia. Nikamwambia Athmani, kesho baada ya alasiri utaibeba hii redio kwa mikono yako mpaka kwenye baraza, utasema mwenyewe, ama nitavaa buibui langu nikaseme mimi.

Hakuamini kuwa nitakwenda. Jana alasiri alipoona nimeshavaa, akaichukua redio.

Nilisimama nje ya ukuta, wanaume wakiwa barazani. Athmani alisema yote. Akawaonyesha: hii ndiyo saa niliyotia mimi, hii ndiyo kengele ya baba, haijaguswa mpaka leo. Wakapokezana redio mkono kwa mkono, wakiiinamia. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa kamati, yule aliyekuja na maneno laini, aliiweka mapajani, akasema, "Basi Mzee Omari hakukosea. Sisi ndio tuliokosea." Akaomba watu wakusomee Fatiha. Wakakusomea, na mimi nikasoma pale ukutani, nikilia mbele za watu bila kujali nani ananiona.

Athmani tulirudi naye nyumbani. Usiku hakula. Leo asubuhi kabla ya kuondoka alipita makaburini peke yake, nadhani amekwambia lake. Sijamsamehe bado, baba. Nakwambia kweli kwa sababu wewe hupendi mtu apambe maneno. Nitamsamehe, inshallah, lakini si wiki hii.

Muadhini mpya ana sauti nzuri, sitamnyima haki yake. Lakini anachelewa! Alfajiri ya leo amechelewa dakika kumi nzima na hakuna aliyempa jina.

Sasa jua linakaribia kuzama, naandika huku redio iko mapajani. Nimeshika kitufe cha saa kwa kidole gumba, kama kijitabu kilivyosema. Namngoja aanze tu, nitaachia kwenye kumi na mbili na nusu, na herufi zako mbili. Kengele nimeiacha ulivyoitega wewe. Itakaa juu ya meza hii, na yeyote atakayeingia aone imekosea, nitamketisha mkekani nimweleze mpaka aelewe. Ikilia nitaamka, nitatawadha, nitakuombea dua kabla ya sala, kila siku niliyobakishiwa. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Lala salama, baba. Na lile swali lako, nisamehe nimechelewa kulijibu.

La, baba. Hazikuondoka. Ilikuwa saa kumi na robo, kama ulivyoiona.

Mwanao,
Mwanakombo