Siku Bomba la Kiwanda cha Urani Lilipolala

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefungua spaza, kiduka changu hapa Soweto, nimefagia, nimepanga mikate. Mteja wa kwanza kanipa habari: kile kiwanda cha zamani cha urani, bomba la moshi linaangushwa Jumamosi. Sikusikia tena alichotaka kununua. Ujana wangu wote uko mle. Nilitoka Tanga sijui hata urani ni nini. Kabeya, Mkongo wa Likasi, ndiye aliyenifundisha kazi kwenye tanuri la kukaushia. Tulitoka zamu nyusi zikiwa njano kwa unga wa urani, tukichekana.

Jumanne, 12 Agosti
Nimempigia Kabeya. Anakohoa kuliko mwezi jana. Anataka kwenda kuliona likianguka. Nami nataka. Sana.

Alhamisi, 14 Agosti
Randburg, kwa Kabeya. Bintiye Clarisse kakataa katakata. Kazaliwa hapa, anafanya kazi Sandton; Kiswahili anakielewa, hujibu kwa Kiingereza. Leo kwa hasira Kiswahili kimemtoka.
"Ile kiwanda ilikula kifua ya papa, tonton. Munaenda kuililia ya nini?"
Papa ni babake; tonton, yaani mjomba, ndiye mimi. Hakuna daktari aliyewahi kutuambia kwa hakika kuwa ni kiwanda. Lakini sikubisha.
Kabeya kajibu polepole: "Ilikula, ndiyo. Lakini ni pale nilikuwa kijana."
Wote wawili wana haki. Nimerudi Soweto nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa, 15 Agosti
Hakuna simu ya Kabeya. Eish. Nimeuza vibaya, nimewajibu watu ovyo.

Jumamosi, 16 Agosti
Clarisse kaja kunichukua mwenyewe. Babake kiti cha mbele, blanketi magotini.
Tulisimama nje ya uzio, mbali, pamoja na wazee wengine wa kazi. King'ora. Mshindo. Bomba likainama, likalala. Vijana wakapiga makofi. Mimi nililia.
Kabeya akavua kofia. Akaanza ule wimbo wa Kizulu tuliokuwa tukiuimba tukisukuma mapipa. Kifua kikamkatiza katikati. Clarisse akaumalizia, hadi mwisho, ameshika mkono wa babake. Kumbe ndio wimbo babake aliombembelezea utotoni. Sikujua.

Jumapili, 17 Agosti
Upepo wa Agosti. Nimeamka kwa kuchelewa. Mchana Kabeya kapiga simu. Wamekula bukari, ule ugali wao, Clarisse yuko naye tangu asubuhi, anamuuliza habari za Likasi. Kwa Kiswahili.
"Anaongea mubaya," kaniambia. "Lakini anaongea."